Fedha ya chakula Visiga: inapotelea wapi, na namna ya kupika vizuri kwa kilichopo

Visiga ni kata ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha Maili Moja na Mlandizi. Usiku kucha malori hupita hapo kuelekea Dar es Salaam yakiwa na nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mchele wa Kilombero na Mbeya, mahindi na maharage ya Nyanda za Juu Kusini. Mengi hayasimami. Mzigo hushushwa kwenye masoko makubwa ya jijini kama Ilala na Mabibo, kisha sehemu yake hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye genge la Visiga, ikiwa imeongezewa nauli, ushuru na faida ya watu wawili watatu. Huku nyuma, mashambani kuelekea Ruvu na Kisarawe, kuna muhogo, kunde, mbaazi, nazi, maembe na matembele ambavyo havikusafiri kokote.

Katika makala hii tunaeleza jinsi familia ya kipato kidogo katika eneo kama hili inavyoweza kununua na kupika chakula chenye lishe. Suala hili si la kubana matumizi tu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika utafiti wa 2015/16 walikuwa 34. Wengi wa watoto hao hawalali njaa. Wanashiba ugali, wali na uji, lakini sahani haina cha kutosha cha kujenga mwili na damu. Kwa hiyo swali letu si namna ya kupunguza chakula, bali ni wapi fedha inavuja na ikizibwa ipelekwe wapi.

Tuanze na kipimo, kwa sababu hapo ndipo penye uvujaji mkubwa na ndipo watu wengi hawapatazami. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kupimiwa, sukari robo, unga nusu kilo, mkaa kopo moja. Hakuna wa kumlaumu, maana huwezi kununua kwa mwezi kwa fedha ambayo bado hujaipata. Lakini tupige hesabu. Tuseme lita moja ya mafuta inauzwa shilingi 6,000, na kipimo kidogo cha mililita 50 kinauzwa shilingi 500. Vipimo 20 ndivyo vinavyojaza lita. Aliyenunua kidogo kidogo amelipa shilingi 10,000 kwa mafuta yale yale. Bei hizi ni za mfano tu, zinabadilika kila wiki, ila hesabu yenyewe inafaa kufanywa na kila mtu kwa bei za duka lake. Uliza kipimo kinaingia mara ngapi kwenye lita, zidisha, linganisha. Dakika mbili zinatosha.

Fungu nalo lina mambo yake. Nyanya, vitunguu na viazi huuzwa kwa fungu au kwa kisado, na bei ikipanda muuzaji mara nyingi haongezi shilingi bali hupunguza nyanya. Fungu la shilingi 500 linabaki la shilingi 500, ila limekonda. Mlaji hahisi kupanda kwa bei mpaka mchuzi uwe mwepesi. Ndiyo maana tunashauri vitu vinavyouzwa kwa uzito, kama mchele, maharage, dagaa na nyama, vinunuliwe kwenye mizani, tena mizani yenye alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Wakala huo ndio unaopambana pia na lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kiasi shambani. Inashangaza kidogo ukifikiria: lumbesa humuumiza mkulima mwanzoni mwa safari, na fungu lililokonda humuumiza mlaji mwishoni mwa safari hiyo hiyo.

Njia ya kutoka kwenye kipimo kidogo bila kuwa na fedha nyingi ipo, na akina mama wengi tayari wanayo nusu yake. Ni upatu na kikoba. Kikundi cha watu watano wanaoaminiana kinaweza kutenga mzunguko mmoja kwa chakula badala ya fedha taslimu, wakanunua kwa pamoja ndoo ya mafuta, gunia la mahindi na kilo kadhaa za maharage, wakagawana kwa mizani. Anza na vitu viwili tu visivyooza, maharage na mafuta. Kikundi kinachoanza na orodha ndefu huishia kugombana.

Msimu nao ni bei. Mahindi na maharage huwa rahisi baada ya mavuno ya bara, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, na hupanda kadiri mwaka unavyokwenda. Hapo Pwani, majani ya kunde, mchicha na maboga hujaa wakati wa mvua za masika na vuli. Maembe huanza kumiminika kuelekea mwisho wa mwaka, na mabibo ya mikorosho, ambayo wengi huyaacha yaozee chini baada ya kung'oa korosho, yana vitamini C nyingi. Tufaha la kutoka Afrika Kusini linalouzwa barabarani kwenye foleni ni tunda zuri, lakini halimzidi mtoto embe la jirani.

Sasa tuje kwenye unga. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa: ganda na kiini vimeondolewa, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini B, madini, mafuta na nyuzinyuzi. Dona ni punje nzima. Kwa anayesagisha mwenyewe, dona pia humpa unga mwingi zaidi kutoka kwenye mahindi yale yale, kwa kuwa hakuna kinachobaki mashineni kama pumba, wala hakuna malipo ya kukoboa. Kasoro yake ni kwamba kiini kina mafuta, hivyo dona huchacha mapema. Sagisha ya wiki mbili, si ya miezi miwili.

Ila dona njema hutokana na mahindi mema. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo mahindi au karanga zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, hata kama muuzaji amepunguza bei, na hasa kama amepunguza bei. Zisitiwe kwenye uji wa mtoto kabisa. Na tukiwa hapo kwenye uji: kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano kwenye pakiti moja hakuufanyi kuwa uji wa lishe mara tano. Hizo zote ni nafaka, za kundi moja la chakula. Uji wa dona au ulezi, ukiongezewa karanga safi zilizosagwa, au dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kutwangwa kuwa unga, unamfaa zaidi mtoto aliyetimiza miezi sita, na gharama yake ni ndogo.

Fedha iliyookolewa kwenye kipimo tungependa iende kwenye vitu vitatu: jamii ya kunde, dagaa na majani. Nyama ya robo kilo kwa watu sita ni vipande vya kugombea. Fedha hiyo hiyo ikinunua kunde, mbaazi au maharage inalisha nyumba yote na kubakiza. Maharage na ugali husaidiana, kwani upungufu wa protini ya mahindi huzibwa na ya maharage, ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko umaskini wa sifa zake. Dagaa huliwa wazima, na miiba yao ndiyo inayompa mtoto madini ya kujenga mifupa. Wachague wakavu, wanaong'aa, wasio na mchanga wala harufu ya kuchacha. Majani ya kijani, yakipikwa kwa mafuta kidogo au tui, huupa mwili vitamini A na madini ya chuma. Kamulia ndimu mezani, na chai ya rangi ingoje kama saa moja baada ya chakula, kwa sababu chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma kwenye mboga na maharage. Chumvi iwe ya madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko.

Muhogo unahitaji maneno yake peke yake, kwa kuwa ndio wanga wa bei nafuu kabisa katika ukanda huu. Muhogo mbichi hauvumilii: siku mbili tatu baada ya kuchimbwa huanza kuwa na mistari myeusi ndani. Vunja mmoja kabla ya kulipa. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na katika miaka ya njaa, familia zilizoula bila kuuandaa vya kutosha zimepata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na ambao hauponi. Uliwahi kutokea Tarime katika miaka ya 1980 na baadaye mkoani Mtwara. Kwa mlaji wa Visiga anayenunua muhogo mtamu na kuuchemsha hakuna sababu ya hofu, ila usinunue muhogo usioujua asili yake, na ukionja ukakuta uchungu, acha. La pili ni kwamba muhogo una protini ndogo sana. Muhogo na chai si kifungua kinywa cha mtoto, labda uandamane na kunde, yai au karanga.

Uvujaji mwingine ni moto. Mkaa wa kopo una ubaya ule ule wa mafuta ya kipimo, na sufuria la maharage makavu hula makopo mawili kabla hujaonja. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 umeshaingia nyumba nyingi. Tatizo ni kwamba kujaza mtungi hutaka fedha kwa mkupuo, wakati mkaa hukubali sarafu. Vyovyote unavyopikia, kuloweka ndiko kunakookoa zaidi. Loweka maharage tangu usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Kunde huiva mapema kuliko maharage, na choroko hata zisipolowekwa hazichukui muda mrefu. Magadi hulainisha kweli, ila huharibu vitamini B1. Afadhali kuloweka.

Ipo pia mbinu ya kufunika. Chemsha maharage yaliyolowekwa hadi yatokote kwa nguvu, yaendelee kutokota si chini ya dakika 10 kamili, kisha funika sufuria vizuri, lizungushie blanketi kuukuu au uliweke ndani ya kapu lililojazwa vitambaa, uliache saa tatu nne. Joto lililomo hufanya kazi bila mkaa. Kisha lirudishe motoni kumalizia na viungo. Zile dakika 10 zisirukwe: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika, na joto la chini haliiondoi.

Kwa mlo mmoja wa mfano tungechagua kisamvu cha kunde. Kunde nusu kilo zilizolowekwa huchemshwa mpaka zilainike. Kisamvu hutwangwa hadi kiwe laini, kisha huchemshwa pembeni kwa maji mengi bila mfuniko kwa nusu saa au zaidi. Kutwanga na kuchemsha hivyo ndiko kunakopunguza sianidi iliyomo kwenye majani. Changanya na kunde, kitunguu na nyanya moja. Kuna nazi moja: kamua tui zito uweke kando, kisha tui jepesi litie kwanza ili kila kitu kichemke humo. Chumvi baadaye. Tui zito huingia mwisho, ukikoroga taratibu lisikatike. Kiasi hicho, kwa ugali wa dona, kinatosha watu sita, na hakuna kilichotoka mbali isipokuwa kitunguu na nyanya.

Kama unajua kitabaki, chota sehemu ya kesho kabla hujatia tui. Kwenye joto la Pwani chakula cha nazi huchacha usiku mmoja. Ile isiyo na tui nayo haifai kukaa vuguvugu mezani hadi asubuhi: kama hakuna friji, ichemshe tena kabla ya kulala, ifunike, na alfajiri ichemshe hadi itokote ndipo uitie tui na uigawe.