Mji wa Langston na Chuo Chake

Katika ukurasa huu wa historia tunautazama mji mdogo wa Langston, ulioko Oklahoma nchini Marekani. Uliasisiwa mwaka 1890 na Edwin McCabe, aliyewahi kuwa mkaguzi wa hesabu za serikali jimboni Kansas. Nia yake ilikuwa kuwapatia Wamarekani Weusi waliokimbia ubaguzi wa majimbo ya kusini mahali pa kujitawala.

Vyuo vya Oklahoma vilikuwa vimewafungia Weusi milango. Hivyo, mwaka 1892 wakazi walipeleka ombi serikalini wajengewe chuo. Mwaka 1897 baraza la kutunga sheria la Oklahoma, ambayo wakati huo haijawa jimbo, lilipitisha sheria ya kukiunda. Sheria hiyo ilikuwa na sharti moja: ardhi wainunue wakazi wenyewe. Nao hawakusita. Waliuza maandazi, wakaandaa mandari na minada, wakachanga hadi zikapatikana ekari 40. Mwaka 1898 masomo yalianza katika kanisa, kukiwa na wanafunzi 41.

Jina lililoandikwa katika sheria lilikuwa refu, nalo lilitaja kilimo, ualimu na rangi ya watu. Jina la Chuo Kikuu cha Langston lilitambuliwa rasmi mwaka 1941, ndipo mji na chuo vikaitwa kwa jina moja.

Hata hivyo, kutambuliwa huko kulikuwa na makali pande mbili. Oklahoma ilipokuwa jimbo mwaka 1907, sheria ya kwanza ya Baraza lake la Seneti iliwatenga Weusi katika usafiri wa reli. Mwaka 1946 Ada Lois Sipuel, mhitimu wa Langston, aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Oklahoma akakataliwa kwa rangi yake. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba apewe elimu hiyo, jimbo lilianzisha kwa siku chache tu "shule ya sheria ya Langston" katika vyumba vya jengo la bunge. Jina ambalo wazee walilichangia senti zao likageuzwa kuwa kisingizio cha kumzuia binti yao. Sipuel aliikataa shule hiyo, na mwaka 1949 alipokelewa alikoomba.

Mji nao haukulala. Mshairi Melvin Tolson, aliyefundisha chuoni hapo tangu mwaka 1947 na ambaye Liberia ilimteua kuwa mshairi wake wa taifa, alikuwa pia meya wa Langston katika miaka ya 1950.

Sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili tuna la kuokota hapa. Uganda iliitambua lugha hii kikatiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Rwanda iliifanya rasmi kwa sheria mwaka 2017. Ni heri kubwa. Lakini sheria hutaja jina tu. Wa kununua zile ekari 40 ni sisi, darasani, kila siku.