Kasi na Velositi

Aghalabu wasemaji hulitumia neno kasi kwa kila kiendacho mbio, wala hawana lawama, kwani sokoni na njiani hakuna awadaiye zaidi ya hilo. Lakini wataalamu wa fizikia wamelitenga na velositi, ambayo wengine huiita kasimwelekeo, kwa kuwa kasi ni masafa yaliyokatwa yakigawanywa kwa muda, pasipo kujali jiha, ilhali velositi ni badiliko la mahali, pamoja na jiha yake, likigawanywa kwa muda uo huo. Mathalani, David Rudisha wa Kenya alipokimbia mita 800 mjini London, tarehe 9 Agosti 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91, kasi yake ya wastani ilikaribia mita 8 kwa sekunde. Lakini kwa vile mizunguko miwili ya uwanja ilimrejesha karibu na pale alipoanzia, velositi yake ya wastani ilikaribia sifuri. Tena, hata mkimbiaji asipoongeza wala kupunguza mbio, akiingia konani velositi yake hubadilika, maana jiha imegeuka. Basi ukiulizwa kasi, taja kiasi. Ukiulizwa velositi, taja kiasi na upande.