Jipu Lililokuwa Likigunduliwa Mochwari

Mwaka 1885 William Osler aliwahutubia madaktari wenzake jijini London kuhusu ugonjwa ambao mara nyingi ulijulikana mgonjwa akishakufa: bakteria kushambulia vali za moyo. Homa ilipimika na moyo ulisikika ukivuma, ila kama vali imetoboka au jipu limechimba pembeni yake, hilo lilisubiri maiti ipasuliwe.

Kifaa cha kuyaona hayo mgonjwa akiwa hai kilianzia kwenye karakana ya meli. Nchini Sweden, mwanafizikia Hellmuth Hertz aliazima kwa kampuni ya meli ya Kockums, Malmö, mashine ya mawimbi ya sauti iliyotumika kukagua nyufa katika chuma, akajipima moyo wake mwenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1953, yeye na daktari Inge Edler wa Lund wakarekodi mwangwi wa moyo unaodunda. Edler hakuwa akiwinda bakteria. Alitaka kujua hali ya vali kabla ya upasuaji. Tena mwanzoni hakujua mwangwi ule unatoka sehemu gani hasa. Alichofanya ni kuchukua chuma chenye ncha cha kuvunjia barafu, akakipenyeza kifuani mwa maiti kwa kufuata njia ileile ya mawimbi, kisha akapasua aone kimechoma nini. Ilikuwa vali. Hata ultrasaundi, basi, ilisomea mochwari.

Mwaka 1973 watafiti wa Indiana, Marekani, akiwemo Harvey Feigenbaum, walieleza jinsi vijinyama vya maambukizi vinavyoonekana kwenye ultrasaundi: mstari wa vali hunenepa na kuwa na manyoyamanyoya.

Jipu likabaki kitendawili. Mbavu na mapafu huzuia mawimbi, na vali bandia hutupa kivuli. Ikabidi moyo uchunguzwe kwa nyuma, mgonjwa ameze mrija wenye kipimo nchani, kwa kuwa umio hupita mgongoni mwa moyo. Mwaka 1991 Werner Daniel na wenzake, Ujerumani, walitoa hesabu: kati ya majipu 46 yaliyothibitishwa, kipimo cha kifuani kiliona 13, cha kwenye umio 40. Kwangu mimi, mwaka huo unastahili heshima sawa na 1953.

Bado 6 yalipita bila kuonekana. Ndiyo maana dalili zikiendelea, madaktari hurudia kipimo baada ya siku 5 hadi 7, na katikati hapo huangalia umeme wa moyo, kwani jipu lililo jirani na vali ya aota huweza kuuvuruga kabla halijajitokeza kwenye skrini.