Msafara wa Makerere na Funzo Lake

Kikundi cha michezo ya kuigiza kinapopanga msimu wake, huanza kwa kuuliza: tucheze nini? Historia yatufundisha kutanguliza swali jingine: tucheze kwa lugha gani?

Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, Uganda, walianzisha kikundi cha safari. Walizunguka mijini na vijijini, wakafika hata Kenya, wakaonyesha michezo pasipo kiingilio. Hawakutegemea Kiingereza peke yake. Walichukua pia michezo ya Kiswahili, ya Kiganda na ya lugha nyinginezo. Hivyo mkulima asiyejua Kiingereza aliweza kucheka na kuhukumu sawa na msomi.

Funzo hilo latuhusu sisi wa Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu. Nyumbani twasema lugha iliyo jamaa ya Mashi isemwayo ng'ambo, upande wa Kongo. Kiswahili nacho chatuunganisha na watu wa Bukavu, na tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Ndugu walimu, tupangapo michezo yetu, Kiswahili kisiifukuze lugha ya mama. Zote mbili na zipande jukwaani.