Tovuti ya mbio za hisani

Tovuti ya mbio za hisani ni tovuti inayotumika kutangaza mbio zinazokusanya fedha kwa ajili ya jamii, kusajili washiriki, kupokea michango na kutoa taarifa ya matumizi yake. Kazi yake inafanana na ile ya daftari la mhazini katika michango ya mtaani: kila anayetoa aone kilichopatikana na kilikokwenda.

Historia

Mfano maarufu wa kukimbia kwa ajili ya hisani ni Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1980, akiwa na mguu mmoja wa bandia, alikimbia kilomita 5,373 kuchangia utafiti wa saratani. Nchini Uingereza, tovuti ya JustGiving iliyoanzishwa mwaka 2000 ilimwezesha kila mkimbiaji kuwa na ukurasa wake wa kuomba michango.

Nchini Tanzania fedha hutokana zaidi na ada za usajili na wadhamini. CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imechangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon, iliyoanza mwaka huohuo, huchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

Yaliyomo

Ukurasa wa kwanza hutaja lengo la mbio, tarehe, mahali, umbali, ada na kitufe cha kujisajili. Kwa kuwa watu wengi hutumia simu na vifurushi vidogo vya intaneti, picha huwa chache na nyepesi, na fomu huwa fupi.

Taarifa za njia hutegemea mazingira. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lupanga katika Milima ya Uluguru kinazidi mita 2,100. Mbio zinazobaki mjini ni tofauti sana na zile zinazopanda kuelekea Morningside. Kwa hiyo ramani huonyesha miinuko, vituo vya maji na huduma ya kwanza. Tahadhari ya utelezi ni muhimu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei.

Malipo na usalama

Malipo hufanyika kwa benki au kwa simu, kwa mfano kupitia M-Pesa. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi hufaa kuliko namba ya mtu binafsi, kwa sababu mlipaji huliona jina hilo kabla ya kuingiza namba yake ya siri. Majina, namba za simu na taarifa za afya za washiriki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za wagonjwa hazitakiwi kuwekwa bila ridhaa yao, au ya wazazi ikiwa ni watoto.

Uwazi

Ada yote si mchango. Kwa mfano, ada ikiwa shilingi 30,000, na fulana, medali, maji na ulinzi vikigharimu shilingi 18,000 kwa kila mtu, zinazobaki kwa hisani ni shilingi 12,000. Wakimbiaji 500 watakuwa wamechangia shilingi milioni 6, si milioni 15. Tovuti inayoeleza hivyo tangu mwanzo huepusha manung'uniko baadaye.

Taarifa baada ya mbio ina uzito kuliko tangazo. Milima ya Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu, unaotegemewa kwa maji na jiji la Dar es Salaam. Mbio za kuhifadhi misitu yake zinaweza kuwagusa hata wachangiaji walio mbali na Morogoro. Hata hivyo, kutaja idadi ya miche iliyopandwa hakutoshi. Mchangiaji anahitaji kujua ilipandwa wapi, nani anaitunza na mingapi ilipona baada ya kiangazi.

Tovuti nyingi huachwa mara medali zinapogawiwa. Pasipo taarifa hiyo, waandaaji huona ugumu kuomba mchango mwaka unaofuata, na wanaoumia ni wale waliokusudiwa kusaidiwa.

Tazama pia

* Mbio za Marathoni
* Milima ya Uluguru
* Mto Ruvu