Kupimwa utumbo mpana kwa kamera: Mambo ya kutarajia, na haya inayotuchelewesha

Kaka yangu mkubwa alitokwa na damu chooni kwa miaka miwili, na muda wote huo sisi nyumbani tuliiita bawasiri. Duka la dawa lilimuuzia malhamu. Mzee mmoja alimpa mizizi achemshe. Zahanati aliyoiendea ilimwandikia tembe bila hata kumlaza kitandani akakaguliwa. Alipomfikia daktari wa tumbo, saratani ilikuwa imeanzia kwenye utumbo mpana na imeshaingia kwenye ini. Alikuwa na umri wa miaka 52. Mwaka haukwisha, tukamzika. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Daktari wake alituambia sisi ndugu: kila mmoja wenu akifika miaka 40 aje apimwe utumbo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafika. Nikaitikia "in shaa Allah", kisha nikanyamaza miaka sita. Nafasi nilikuwa nayo, na pesa ningezitafuta. Niliona haya tu.

Hapa Bamburi mtu atakueleza sukari yake, presha yake, hata deni lake, pale pale kwenye baraza ya kahawa. Ya chooni hayasemwi. Mwaka huu nilipoona damu kidogo asubuhi moja, nilijisikia nikisema moyoni, "Bawasiri hiyo." Neno lile lile. Hapo ndipo nilipomweleza mke wangu, na wiki iyo hiyo nikaenda kwa daktari.

Ndugu msomaji, nayaeleza hapa yale ambayo ningependa mtu anieleze mimi kabla sijaenda, kwa sababu mengi niliyoyaogopa hayakuwako, na machache yaliyonisumbua hakuna aliyenitajia.

Kipimo chenyewe

Kinaitwa kolonoskopi. Daktari hutumia mpira mwembamba unaopindika, unene wake kama kidole na urefu wake zaidi ya mita moja na nusu, wenye taa na kamera nchani. Huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na kupitishwa kwenye utumbo mpana wote, mpaka pale unapokutana na utumbo mwembamba. Daktari huangalia picha kwenye skrini.

Faida yake si kuona tu. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani. Si kila kinyama hugeuka saratani, na kinachogeuka huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi. Daktari akikiona hukikata papo hapo kwa waya mwembamba unaopita ndani ya mpira ule ule. Waanzilishi wa kazi hii ni madaktari William Wolff na Hiromi Shinya, mjini New York mwaka 1969. Kabla ya hapo, kutoa kinyama kilichoota ndani sana kulihitaji mtu kupasuliwa tumbo.

Wako wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Neno hilo lina asili yake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda mpaka miaka ya 1960, aliona kwamba saratani ya utumbo ilikuwa nadra kwa watu wa mashambani Afrika, na mwaka 1971 aliandika kuwa sababu ni chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Sasa tazama sahani zetu za leo: chapati za unga mweupe, viazi karai, chipsi na soda. Hapa Kenya, saratani ya utumbo mpana imeshaingia miongoni mwa tano zinazoongoza. Pele alifariki kwa maradhi haya Desemba 2022 akiwa na miaka 82. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki 2020 akiwa na miaka 43 tu.

Nani apimwe, na lini

Kwa mtu asiye na dalili wala historia ya maradhi haya katika familia, wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kama mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako aliwahi kupata saratani hii, anza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa nayo yeye, chochote kinachotangulia.

Mwenye dalili asingoje umri wowote. Dalili ni damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa (kufunga, kuendesha au kuwa chembamba), kupungua mwili bila sababu, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, na upungufu wa damu usioelezeka.

Kuna pia kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ni chepesi na hurudiwa kila mwaka. Kikionyesha damu, lazima kamera ifuate. Lakini kama damu unaiona mwenyewe, usikitumie kipimo hicho kuikwepa kamera.

Sisemi kila damu ni saratani. Nyingi ni bawasiri kweli, au amiba, au mchubuko. Kosa letu ni kuipa damu jina kabla mtu hajaiangalia.

Siku za kabla

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, pamoja na mitishamba. Dawa za kuongeza damu, zile zenye madini ya chuma, husimamishwa kama wiki moja kabla kwa sababu huufanya uchafu kuwa mweusi na kuganda. Mwenye sukari hupangiwa upya dozi zake, kwa vile atakaa bila chakula. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Daktari ndiye aamue.

Siku mbili tatu kabla, punguza nyuzinyuzi. Mimi niliambiwa nile wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki na kuku asiye na ngozi. Nikaambiwa niache mbaazi, maharagwe, mahindi, mboga za majani, korosho, ufuta na matunda ya mbegu. Mabuyu usiyaguse kabisa: yana mbegu, na ile rangi nyekundu kwenye kamera inaweza kudhaniwa damu. Sharubati nyekundu nazo ni hivyo hivyo.

Siku moja kabla, hakuna kutafuna. Ni vitu vya majimaji unavyoweza kuona ng'ambo yake: maji, supu iliyochujwa, chai ya mkandaa, sharubati ya tufaha isiyo na nyama ya tunda, maji ya dafu. Mwenye maradhi ya figo aulize kwanza kuhusu dafu. Kahawa chungu ya kwenye baraza inafaa, bila maziwa. Jeli za dukani pia zimo kwenye orodha, lakini nyingi hutengenezwa kwa gelatini ya wanyama, basi soma kama ina alama ya halali.

Usiku wa dawa

Hapa ndipo penye kazi. Utapewa unga wa kukoroga kwenye maji, mara nyingi lita mbili hadi nne, unywe nusu jioni na nusu alfajiri. Ladha yake ni ya chumvichumvi. Niliiweka kwenye friji na kuinywa kwa mrija, kikombe baada ya kikombe, huku nikinusa ndimu. Baada ya saa moja hivi tumbo likaanza, na likianza halikuombi ruhusa.

Nikupe ushauri wa mtu wa Bamburi: kabla ya kunywa kikombe cha kwanza, hakikisha una maji. Mfereji wetu unaujua. Mimi nilinunua madumu sita kwa mwenye mkokoteni, na yote yalikwisha. Kama choo ni cha kushirikiana na wapangaji wengine, waambie mapema, au nenda ukalale kwa ndugu mwenye choo cha ndani. Vaa kikoi, si suruali. Jipake mafuta mazito ya kulainisha ngozi tangu mwanzo, kwani kufikia mara ya kumi kutawambia huwasha.

Dawa imefanya kazi ukiona kinachotoka ni maji ya manjano yaliyo safi kama mkojo. Ikiwa bado ni matope, piga simu hospitali uwaambie. Utumbo mchafu humfanya daktari asione vizuri, na huenda ukarudia yote upya. Wengi hukataa nusu ya pili ya dawa kwa kudhani wameshamaliza. Inywe yote.

Saa za mwisho kabla ya kipimo hutakunywa hata maji. Fuata saa uliyoandikiwa, kwa sababu ya usalama wa dawa ya usingizi. Na toka mapema. Kutoka Bamburi mpaka kisiwani kwa daraja la Nyali asubuhi, unaijua foleni. Tafuta mtu wa kukupeleka kwa gari. Matatu siku hiyo si mahali pako.

Ndani ya chumba

Utavaa gauni lililo wazi nyuma na kufunikwa shuka. Utatiwa sindano ya mshipani, utalala ubavu wa kushoto na magoti umeyakunja. Nesi aliyenipokea alinitazama akaniambia, "Baba, hapa hatuangalii mtu, tunaangalia skrini." Nikacheka, na woga ukapungua.

Kisha huwekwa dawa ya usingizi. Wengine husinzia tu na kusikia sauti, wengine hawakumbuki chochote. Mimi nilikumbuka nesi akiniuliza jina langu, kisha nikajiona kwenye chumba kingine nimefunikwa blanketi. Asiyepewa dawa nzito huhisi tumbo kujaa upepo na kubanwa kama anataka choo, kwa sababu daktari hupuliza hewa ili ukuta wa utumbo ufunguke. Kukatwa kinyama hakuumi.

Kipimo chenyewe huchukua kama dakika 20 hadi 45. Daktari hufikisha mpira mwisho kisha huurudisha polepole, na ni katika kurudi ndipo anapoangalia kwa makini. Kwa ujumla panga saa mbili tatu za kukaa hospitali.

Baada ya kuamka

Utatoa upepo mwingi. Utoe, usione haya. Kila aliye kwenye chumba kile anafanya hivyo. Kunywa chai, kula kitu chepesi. Kwa saa 24 usiendeshe gari wala bodaboda, na usitie sahihi ya shamba wala ya mkopo, hata ukijihisi u mzima. Ndiyo maana hospitali haikuachi uondoke peke yako.

Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Utumbo kutoboka hutokea kwa takriban mtu mmoja katika elfu, au chini ya hapo. Kutokwa na damu hutokea zaidi kwa aliyekatwa kinyama, na kunaweza kuja hata wiki mbili baadaye. Rudi hospitali mara moja ukipata maumivu makali ya tumbo, tumbo kuwa gumu, homa, kutapika au damu nyingi.

Kuhusu gharama, uliza mapema mambo manne: kama bei ina dawa ya usingizi, ada ya daktari, ada ya maabara ya kuchunguza kinyama, na kama bima yako, iwe SHA au nyingine, inalipa. Mimi bili ya maabara ilinijia peke yake nikiwa sijaitarajia.

Haya na dini

Unaweza kuomba mwanamume ahudumiwe na wanaume, na mwanamke na wanawake, wanapopatikana. Wasipopatikana, matibabu ni dharura inayojulikana katika dini yetu. Kipimo kikiwa si cha haraka, kipange nje ya Ramadhani; kikiwa cha haraka, mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na atalipa. Usingizi ule huondoa udhu, basi tawadha upya ukiamka. Na la swala usiku wa dawa, muulize sheikh wako kabla.

Haya ni katika imani, sikatai. Lakini wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na kaka yangu aliuficha mpaka ukafichuka wenyewe.

Mimi walinikuta na vinyama viwili. Kimoja kilikuwa cha aina inayoweza kugeuka saratani, na maabara ikathibitisha kuwa kilikuwa bado. Ile damu yenyewe ilikuwa ya bawasiri kweli. Bila ya hiyo nisingekwenda, na vinyama vingeendelea kukua. Nitarudi baada ya miaka mitano, in shaa Allah.

Dada yangu aliye Likoni ameshapata tarehe. Mdogo wetu wa Changamwe, aliyetimiza 41, bado anacheka kila nikimtajia. Nimemwambia madumu ya maji nitamnunulia mimi.