Setilaiti ya Ngomeni na shimo jeusi la kwanza

Tarehe 12 Desemba 1970 Wakenya walikuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru wao. Siku hiyohiyo, mafundi wa Kitaliano walirusha roketi ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, aliiita Uhuru, kuwaenzi wenyeji na sikukuu yao.

Malindi ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Setilaiti nayo ilikwenda kutafuta eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike ardhini.

Wakati huo mashimo meusi yalikuwa hesabu tu. Mwaka 1916 Karl Schwarzschild, Mjerumani aliyekuwa vitani, alitumia nadharia mpya ya Einstein kuhusu mvutano, na hesabu zake zikaja kuonyesha kwamba kitu kikifinywa vya kutosha, hata nuru haichomoki: hilo ndilo shimo jeusi. Jua letu lingebidi lifinywe mpaka upana wa kilomita 6. Einstein mwenyewe aliandika mwaka 1939 kwamba kitu cha namna hiyo hakiwezi kutokea.

Basi utaonaje kisichotoa nuru? Unatazama kinachomezwa. Gesi inayonyonywa kutoka nyota jirani huzunguka shimo, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei kabla ya kutumbukia. Uhuru ilipokichunguza chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1, ilikuta eksirei zikipanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde. Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Katika moja ya kumi ya sekunde nuru husafiri kilomita 30,000 tu. Kwa hiyo kinachobadilika haraka kiasi hicho lazima kiwe kidogo mno, kidogo kuliko Jua mara nyingi. Wanaastronomia Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaona nyota kubwa ya buluu ikizunguka na kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Leo kitu hicho hukadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara 21.

Msomaji wa Igawa, Tanzania, hahitaji kwenda Malindi kukitafuta. Septemba, saa tatu au saa nne usiku, aipe kisogo barabara kuu na taa za malori, atazame kaskazini, katikati ya upeo na utosi. Kiko upande huo, karibu na nyota angavu ya Deneb, ingawa nyota mwenzake haionekani bila darubini.

Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Akakubali kushindwa mwaka 1990. Mwaka huohuo wa 1974 alikuwa amezua fumbo gumu zaidi: kwamba mashimo haya huvuja mionzi kidogo kidogo hadi yaishe. Yakiisha, habari za vyote yalivyomeza huenda wapi? Wanafizikia bado wanabishana, na nadharia zao mbili kuu, ya Einstein na ile ya chembe ndogo, zinapingana papo hapo.